Muhuri Wangu kwenye Ukurasa wa Kwanza

Jeanine, umeniomba nikuandikie jinsi tulivyokuwa tunazipima rezume, kwa sababu umekaa kwenye meza yangu tangu mwezi uliopita na hakuna karatasi hata moja inayokueleza unachotakiwa kufanya. Ni kweli, haipo. Kazi hii ilipita kwa mdomo, kutoka kwa Papa Anselme, mzee aliyenitangulia, kuja kwangu, na mimi nilidhani nitakufa muhuri ukiwa mkononi. Sikufa. Nimechoka tu, na magoti yamekataa kupanda zile ngazi za maktaba.

Sitakuambia nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa napata nini mwisho wa mwezi; hayo ni mafupi na hayafurahishi. Nitakuambia kazi. Wanafunzi wa sheria wa mji huu wa Goma hawasomi vitabu, wanasoma rezume, yaani kozi nzima iliyobanwa ikawa kurasa chache, ikatolewa fotokopi na kuuzwa vibandani mbele ya lango. Wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia barreau, chama cha mawakili, wananunua hizo hizo, pamoja na vijitabu vya maswali na majibu. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kutunga kimoja. Kwa hiyo kitivo kiliamua kwamba maktaba ivisome kwanza, na kile kinachofaa kigongwe muhuri kwenye ukurasa wa kwanza. Msomaji alikuwa Papa Anselme, kisha mimi, sasa ni wewe.

Nikuonye mapema. Kuna rezume moja yenye muhuri wangu iliyomfungia mama mmoja mlango wa uwakili. Umeisikia habari hiyo, kila mtu pale ameisikia, lakini umeisikia kama nilivyoisimulia mimi. Nitaifikia. Ukiona nazunguka sana kabla, ujue ndiyo naiogopa.

Siku yangu ya kwanza kazini haikuhesabika. Nilifika asubuhi na kitenge kipya, katibu akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema ndiyo. Akauliza iko wapi barua ya mume. Sheria ya wakati ule ilikuwa hivyo: mwanamke aliyeolewa hakuweza kutia saini mkataba, wala kwenda mahakamani kudai chake, bila ruhusa ya mumewe. Nikarudi nyumbani Katoyi kwa miguu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori barabara ya Butembo, na kwa bahati siku hiyo alikuwa nyumbani anagongelea mguu wa kiti. Aliandika mistari mitatu kwenye karatasi ya daftari la mtoto, akatia saini, kisha akaniambia kesho na mimi nimwandikie ya kwake ampelekee bosi wake. Tulicheka mpaka watoto wakatoka nje kutuangalia. Hakuna kati yetu aliyeona ubaya wowote. Siku ya pili nikaajiriwa, na ile barua nikaitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sakoshi yangu, mkoba wa begani. Kila sakoshi ilipochakaa, niliihamishia kwenye nyingine.

Papa Anselme alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mrefu, mkimya, mwenye koti moja la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alinipa vifaa vinne: rula ya mbao, penseli nyekundu, penseli nyeusi na daftari gumu. Cha tano kilikuwa kabatini, matoleo ya gazeti rasmi la serikali, yaliyofika kwa kuchelewa na wakati mwingine yakiwa na alama ya kikombe cha chai. Akaniwekea rezume ya kwanza mezani, nikaanza kuisoma ukurasa wa kwanza kama mtu yeyote angefanya. Akaifunga.

"Mama, hapana kuanza ku mwanzo," akaniambia. "Mwanzo kila mutu anaandikaka muzuri. Rezume ni kama sombe ya kutwanga, haujue tena ni majani gani iliingia mu kinu. Anza na mavifungu."

Ndivyo tulivyofanya. Unaandika kwenye daftari namba za vifungu vyote vilivyotajwa. Unakwenda kabatini, unatafuta kila kimoja, unaangalia kama bado kiko hai au kilibadilishwa. Unaweka rula chini ya mstari, unasoma rezume, unasoma sheria, unarudi kwenye rezume. Pakiwa sawa, vema ndogo ya penseli nyeusi pembeni. Pakiwa na kosa, mstari mwekundu. Ukimaliza vifungu ndipo unasoma maneno, na ukimaliza maneno ndipo unajiuliza kama mtu aliyesoma hii peke yake anaweza kusimama mbele ya watahini watatu na kujibu. Rezume ya kurasa mia ilikuwa kazi ya wiki mbili. Mashine hazina hiyo subira, na sasa naona hata watu hawana.

Zipo ninazozikumbuka kwa kicheko. Mmoja alituletea mwongozo wa mtihani wa mawakili aliouchukua kwenye intaneti, akabadilisha jalada tu. Ndani mlikuwa na mahakama za nchi ya mbali, na majaji wa vyeo ambavyo Kongo haijawahi kuwa navyo. Nilipomwonyesha, alisema sheria ni sheria. Nikamwomba anipeleke kwenye mojawapo ya hizo mahakama, nauli ya pikipiki nitalipa mimi. Mwingine aliweka sala mwanzoni mwa kila sura. Sala zilikuwa sahihi kuliko sura. Nilimchorea mistari myekundu arobaini, akaniambia shetani anapitia kwa watu wa maktaba.

Halafu kulikuwa na mafunzo ya Jumamosi, kule Ndosho, kwenye ukumbi nyuma ya karakana za seremala. Kitivo kilinituma mara kwa mara kwenda kusikiliza na kuandika ripoti. Mwalimu alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na tai nyekundu. Aliwafundisha watu jinsi ya kuingia, jinsi ya kuinama, jinsi ya kusema "mheshimiwa" bila kutetemeka, na yote hayo aliyafundisha vizuri kabisa. Sheria aliigusa kwenye nusu saa ya mwisho, huku misumeno ya jirani ikimzidi sauti. Niliandika kwamba wanafunzi wake watafeli kwa adabu. Mkuu wa kitivo alicheka, akaifungia ripoti kwenye droo, na mafunzo yakaendelea.

Ukitaka kujua muhuri ulipata nguvu lini, sijui. Mwanzoni wanafunzi hawakuujali. Baadaye mmoja alifaulu kwa rezume iliyogongwa, akamwambia mwenzake, na baada ya miaka michache wakawa hawanunui kitu bila kufungua ukurasa wa kwanza kwanza. Wenye vibanda wakaanza kuniamkia kwa heshima ambayo hata padre haipati. Papa Anselme hakuipenda hali hiyo. Alisema muhuri unawafanya watu waache kusoma wenyewe. Alistaafu akiwa bado anasema hivyo, na mwaka uliofuata tukamzika.

Kabla hajaondoka, sheria ya familia ilibadilishwa. Ile ruhusa ya mume ikafutwa. Gazeti rasmi lilipofika tulikaa mezani yeye na mimi, tukatoa kabatini kila rezume ya sheria ya familia tuliyokuwa nayo, na mimi kwa mkono wangu nikapitisha penseli nyekundu juu ya kile kifungu, nakala baada ya nakala. Papa Anselme aliniuliza kama bado nina ile barua yangu. Nikamwambia ninayo. Akasema sasa ni karatasi ya kufungia karanga. Nilicheka, lakini sikuitupa.

Sasa nifike pale.

Rezume bora ya sheria ya familia ilikuwa ikitolewa na Papa Kambale, mwenye kibanda cha fotokopi karibu na lango. Iliandikwa na msaidizi mmoja wa kitivo aliyeondoka zamani, na kila sheria ilipobadilika Papa Kambale aliniletea kurasa mpya nizisome. Mtu mwaminifu. Nakala mama zake alizihifadhi nyumbani kwake Buhene, kwenye sanduku la bati, kwa sababu kibanda kilikuwa kinavuja. Mlima wa volkano ulipotapika, moto ulipita Buhene. Sisi wengine tulikimbia na magodoro kuelekea Sake, tukalala njiani, Lac Vert, siku ya kwanza kwa sababu mama mkwe hakuweza kuendelea, na tuliporudi nyumba zetu zilikuwepo. Ya Papa Kambale haikuwepo. Mahali pa sanduku palikuwa na jiwe jeusi, refu kunizidi.

Alichofanya ndicho ambacho kila mtu Goma angefanya. Aliomba wanafunzi wa zamani wamletee rezume zao. Huyu alileta nusu ya kwanza, yule alileta kurasa za katikati, mwingine alikuwa na za mwisho zenye madoa ya mafuta. Akazipanga kwa namba za kurasa, zikatimia, akatoa fotokopi. Hakujua kwamba kurasa za katikati zilitoka kwa mtu aliyesoma kabla sheria haijabadilika. Kurasa zilifuatana vizuri. Kitu kilichofuatana vizuri kwa macho, nani atakishuku?

Akaniletea. Alikuwa amekonda, na bado analala kwa shemeji yake. Aliniomba nisichelewe, kwa sababu mtihani wa mawakili ulikuwa umekaribia na hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kuuza. Nikaisoma siku nne. Nikagonga muhuri.

Kati ya walioinunua alikuwa Kavira. Hukumkuta. Alikuwa fundi cherehani wa Ndosho, mama wa watoto watatu, aliyeanza chuo wakati wenzake wa rika lake wanaozesha mabinti. Alikaa siku zote kwenye kiti cha pembeni dirishani, na nyuzi za rangi zilikuwa hazimtoki kwenye mikono ya sweta. Nilimpenda, sitaficha. Aliniambia mwenyewe jinsi mambo yalivyokaa nyumbani kwake: ndugu wakubwa wa mumewe walikaa kikao, wakakubali ajaribu mtihani wa mawakili mara moja. Moja tu. Akishindwa, anarudi Butembo kusaidia duka la vitambaa la familia, na habari ya vitabu inafungwa. Kwa hiyo hakununua rezume tatu kama wengine. Alinunua ile yenye muhuri wangu, akaihifadhi kichwani yote.

Mtihani wa kuandika alipita. Kwenye wa mdomo, mmoja wa waliomuuliza alikuwa wakili mwanamke. Akampa swali jepesi, la kumtuliza: mwanamke aliyeolewa anataka kumshtaki mtu aliyemharibia mali, anahitaji nini kwanza? Kavira akajibu bila kusita kwamba anahitaji ruhusa ya mume wake. Yule wakili akaweka kalamu chini. Akamuuliza tena, ana uhakika? Kavira akasema ana uhakika, akataja na namba ya kifungu. Hawakumuuliza kingine.

Alikuja maktaba siku matokeo yalipobandikwa. Hakulia, na hakupandisha sauti. Aliweka rezume mezani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu ya muhuri.

"Mama, hii tampon ni ya kwako?"

Nikasema ni yangu. Akafungua katikati, ukurasa wa themanini na tatu. Nikasoma kile kifungu cha ruhusa ya mume.

"Ulisomaka hii page?"

Jeanine, hapa ndipo ujue. Wanafunzi watano walikuwa wametuzunguka. Nikamwambia, "Nilikuwa nachoka, mutoto yangu. Kurasa zilikuwa mingi. Hiyo sikuifika."

Akafunga rezume.

"Basi ni kuchoka," akasema. "Kuchoka tunakujuaka, mama. Mi nilisomaka na usingizi mu macho miaka tano. Nimekusamehe."

Akaniachia ile nakala, kwa sababu hakuwa na kazi nayo tena, na wiki hiyo hiyo akapanda gari la Butembo. Nilikwenda kwa mkuu wa kitivo nikaeleza kosa. Papa Kambale akachoma nakala zake zote mwenyewe, nyuma ya kibanda, na sikumwona mtu aliyeona aibu kama yeye, ingawa kosa halikuwa lake. Nikapendekeza kanuni: msomaji asipite kurasa kumi kwa siku, ili uchovu usipitishe kosa jingine. Ikakubaliwa. Ndiyo kanuni uliyoikuta imebandikwa kwenye kabati, na nimesikia ukisifiwa kwamba unaifuata kwa uaminifu.

Ifuate, haina ubaya. Lakini ilizaliwa na uongo.

Sikuchoka siku ile. Niliusoma ukurasa wa themanini na tatu. Niliuweka chini ya rula, nikasoma kwamba mwanamke aliyeolewa haendi mahakamani bila ruhusa ya mumewe, na nikaona ni sawa. Sikwenda kabatini kutafuta kifungu, kwa sababu kifungu hicho nilikuwa nakijua. Nilikijua kuliko kingine chochote. Nilikuwa nimekitembeza kwenye sakoshi tangu siku ya kwanza ya kazi. Mkono uliokifuta kwa penseli nyekundu kwenye nakala zote za kabati ndio huo huo uliokiwekea vema. Nakala niliyoisoma, yenye penseli yangu, niliificha siku Kavira alipokuja, na haikuingia kwenye moto wa Papa Kambale. Iko kwenye droo ya chini ya meza yako, chini ya bahasha za zamani. Fungua uone. Vema ni ndogo na nadhifu.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kwa miaka nilidhani wanasema habari ya walevi. Naona aibu, na aibu hiyo imenichosha kuliko ngazi. Ukiniuliza cha kukufundisha, ni hiki kimoja: kosa usilolijua litakushtua lenyewe, utalikuta. Linalokupita ni lile uliloishi nalo. Sentensi ikikuingia bila kubisha hodi, inuka, nenda kabatini.

Sasa, mji ukiwa mikononi mwa wenye bunduki, wapo wanaoniuliza vijana hawa wanasomea mtihani gani na mahakama ipi. Naona bado wanapanga foleni kwenye fotokopi, na bado wanafungua ukurasa wa kwanza kwanza.

Sikutaka usome haya kabla ya Kavira. Kwa hiyo wiki iliyopita nilitafuta namba ya Kavira kwa shangazi yake, nikamwandikia kwenye simu, kwa kirefu. Nilimwambia niliusoma ule ukurasa. Nilimwambia habari ya barua ya marehemu, na ya vema. Nilimwambia kwamba aliponisamehe, alisamehe kitu ambacho hakikuwepo.

Siku tatu nilikuwa naamka naishika simu kabla ya kuvaa miwani. Siku ya nne ujumbe ukaingia, saa ambayo wenye maduka ya Butembo wanafungua milango.

"Mama, kuchoka nilishakusamehe. Hii ingine, uniachie kwanza."

Nimemwachia.